Unene wa Sumni

Sikuwa na kihamba. Sikuwa na cheti. Sikuwa na baba wa kunisemea, wala mjomba ofisini, wala Kiingereza cha kumjibu mtu anayeuliza haraka haraka. Sikuwa na viatu vya kanisani visivyonuka grisi. Sikuwa na nyumba mjini, ila chumba kimoja cha kupanga kule Pasua, chenye dirisha lisilofunguka.

Na Ijumaa ile ya Agosti, mwaka 1973, sikuwa na ujasiri wa kutamka maneno matatu tu: Ni mimi niliyekosa.

Nilichokuwa nacho ni mwandiko mzuri. Mtaona leo nilivyoutumia.

Aliyefungua gazeti hili kwa mara ya kwanza ajue kwa ufupi. Naitwa Nikodemo, mzaliwa wa Mwika, mtoto wa katikati. Kwetu kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo, hupewa mtoto wa kwanza na wa mwisho. Wa katikati huambiwa dunia ni pana. Nikashuka Moshi, nikaanza kwa kufagia gereji ya Bwana Jasvinder Singh, nikapanda hadi kufungua injini. Jioni nilisoma. Wenzangu walikwenda kwenye pombe, mimi nilikwenda kwenye ubao. Nikiwa na miaka arobaini na minane niliandika barua ya ofisi vizuri kuliko makarani wenye tai.

Wiki iliyopita niliwaeleza nilivyoanguka mara mbili katika majaribio ya ufundi daraja la kwanza. Mara ya tatu ilikuwa ifanyike Septemba. Niliapa sitaanguka.

Julai ikaja na gari la Mwalimu Aristides.

Lilikuwa Humber jeusi, zee kuliko Uhuru wetu, alilolinunua kwa mzungu wa kahawa aliyefunga mizigo yake na kuondoka. Mwalimu alikuwa amestaafu, anaishi Mwika, hatua chache kutoka kwa kaka yangu Kalisti. Mguu wake wa kulia ulikuwa mwembamba tangu alipougua utotoni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Nikodemo. Gari hili breki zake zinataka mguu wa ng'ombe. Mimi Mungu amenipa wa kuku."

Bwana Jasvinder alitoka chini ya lori akijifuta mikono. Alikuwa na miaka sitini na kitu, ndevu nyeupe, kilemba cha bluu chenye doa la oili ambalo halikutoka hata kikifuliwa.

"Mwalimu, uza hii gari. Tafuta gari dogo."

"Mke wangu naye anasema hivyo hivyo kila siku. Nikiliuza, niende kanisani na punda?"

"Punda iko breki nzuri sana," alisema Bwana Jasvinder. Tukacheka wote.

Tukakubaliana kulifungia busta. Kwa asiyejua, busta ni kopo la chuma lenye ukubwa wa sufuria ya kupikia wali. Hukaa kati ya pedeli na masta silinda, yaani ile pampu inayosukuma mafuta ya breki hadi magurudumuni. Busta hufyonza hewa kwa nguvu ya injini na kumsaidia dereva kukanyaga. Mwenye mguu wa kuku hupata mguu wa ng'ombe.

Siku hizo vipuri vilikuwa adimu. Tuliipata busta kwenye gari lililokufa huko kwenye mashamba ya miwa. Busta ya gari moja, masta silinda ya gari jingine. Kazi ya kuvioanisha viwili hivyo nikaiomba mimi.

"Niachie, Bwana Jasvinder. Nimesoma."

"Wewe soma kitabu mingi, Nikodemo. Lakini gari hapana soma kitabu."

Neno hilo lilinichoma. Alilisema kwa upole, nalo likanichoma zaidi.

Nilifunga busta kwa siku mbili. Siku ya tatu nikakanyaga pedeli. Ilikuwa ngumu kama jiwe. Ngumu kuliko mwanzo!

Bwana Jasvinder hakufungua kitu. Aliketi kwenye usukani tu.

"Zima injini. Mimi nakanyaga mara tano, namaliza hewa. Sasa naweka mguu. Washa."

Nikawasha.

"Ingekuwa nzima, pedeli ingeshuka kidogo chini ya mguu. Haishuki. Busta haivuti." Akatega sikio kwenye bomba la mpira. "Hii vali yako imefungwa kinyume. Inapumua nje."

Vali ile ilikuwa na mshale wa kuonyesha njia. Niliugeuza. Mimi, niliyewasomea wenzangu magazeti kila asubuhi, sikuuona mshale.

Mafundi wenzangu walipiga makofi.

"Msomi! Kitabu chako ulikishika juu chini!"

"Mwacheni, alikuwa anasoma Kiarabu, kutoka kulia!"

Nilicheka nao. Tumboni sikucheka.

Nikageuza vali. Pedeli ikawa laini kama mkate. Tukalipeleka gari Kirua Vunjo kulijaribu, mimi na Bwana Jasvinder. Kurudi, tulisikia harufu kama ya nywele zilizoungua. Niliposhika kikombe cha gurudumu nilirudisha mkono haraka.

"Breki inashika yenyewe," alisema Bwana Jasvinder. "Leta jeki."

Tukainua gurudumu. Halikuzunguka. Nikasema ni viatu vya breki, vile vyuma vinavyolizuia gurudumu, vimebana. Kitabu changu kilisema hivyo.

Yeye akachukua spana, akalegeza nati mbili tu zinazoshika masta silinda kwenye busta. Akalisukuma gurudumu kwa kidole kimoja. Likazunguka kama pia.

"Umeona? Viatu iko sawa. Kijiti ndiyo ndefu."

Kijiti hicho ni cha chuma, kifupi, chembamba kama kidole cha mwisho. Kimo ndani ya busta, nacho ndicho kinachosukuma pistoni ya masta silinda. Dereva akiondoa mguu, kijiti lazima kiachane na pistoni kidogo, mafuta yarudi yalikotoka. Kikiwa kirefu, hakiachani. Mafuta yanabaki yamebanwa. Breki zinashika kidogo, zinapata moto. Zikipata moto, mafuta yanavimba na kuzidi kushika. Mwishowe mafuta yanachemka, na mafuta yaliyochemka hayasukumi kitu. Pedeli inazama hadi sakafuni.

Alinieleza hayo yote akiwa amechuchumaa, polepole, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu.

Kisha akatoa sumni mfukoni. Ndiyo, ile sarafu ya senti hamsini. Kipimo cha kiwandani hakikuwepo, kwa hiyo alipima kwa sumni. Akakizungusha kichwa cha kijiti mpaka kikapungua unene wa sumni ile moja. Akarudisha masta silinda, akakaza zile nati mbili za nje, akachovya kijiti cha kiberiti kwenye rangi nyekundu, akaweka alama juu yake.

"Unene wa sumni. Rangi hii ikikatika, mimi najua mtu ameshika. Usiguse tena."

Kesho yake alikwenda Arusha kwenye msiba. Na kesho yake hiyo hiyo Mwalimu Aristides akaja kuchukua gari lake.

Alizunguka nalo mtaa mmoja akarudi amekunja uso.

"Nikodemo, hii pedeli inazama kidogo kabla ya kushika. Ndiyo breki ya kisasa hii?"

"Ndivyo inavyotakiwa, mwalimu. Ile nafasi ni ya mafuta kurudi."

"Nani kasema?"

"Bwana Jasvinder."

"Bwana Jasvinder! Na wewe je? Miaka yote ya masomo ya jioni, bado unasema Bwana Jasvinder, Bwana Jasvinder?" Akaegemea boneti. "Nasikia Septemba unaingia majaribio. Mkaguzi mkuu unamjua ni nani? Mwanafunzi wangu. Nilimfundisha kuandika jina lake. Naweza kumwambia: ile breki ya gari langu imefungwa na Nikodemo, peke yake, na inashika juu kabisa. Lakini siwezi kumwambia hivyo ikiwa inazama."

Ndugu msomaji, sikulazimishwa. Wengine wakisimulia makosa yao huleta shetani, huleta mke, huleta njaa. Mimi siku hiyo nilikuwa nimeshiba na akili zangu timamu.

Nilifungua boneti. Nikakata rangi nyekundu, nikalegeza nati mbili, nikavuta masta silinda pembeni, nikakirefusha kijiti. Kiasi gani? Unene wa sumni. Nilitumia sumni yangu mwenyewe.

Nikakaza nati. Nikachovya kijiti cha kiberiti kwenye rangi. Nikaweka alama mpya juu ya ile ya zamani.

Mwalimu akakanyaga. Pedeli ikashika juu, kali kama meno ya mbwa.

"Hii ndiyo breki! Nikodemo, umempita mwalimu wako."

Nimezeeka sasa, na katika maisha yangu sijaambiwa neno tamu kuliko hilo.

Alipandisha Mwika salama. Kupanda hakusumbui breki. Alilaza gari nyumbani siku nne. Jumatano akashuka kuja mjini.

Baadaye alisema kwamba njiani gari lilikuwa zito, kama linavutwa kwa nyuma. Akadhani ndiyo nguvu ya busta. Akafurahi hata. Kisha moshi. Kisha ile kona ya mteremko, akakanyaga, na mguu wake mwembamba ukazama hadi sakafuni pasipo kukutana na kitu.

Gari liliruka mfereji, likalala kwenye migomba ya watu, likasimamishwa na kisiki. Hakuwa na abiria. Alibanwa mguu mmoja.

Wa kulia. Ule ule tuliotaka kuusaidia. Hospitali waliukata juu ya goti.

Polisi walilivuta Humber hadi uani kwao. Bwana Jasvinder na mimi tuliruhusiwa kuchungulia, bila kushika chochote. Askari alifungua boneti, Bwana Jasvinder akainama muda mrefu. Nilikuwa nyuma yake nikiitazama shingo yake.

Nikajisemea: akigeuka na kuniuliza, nitasema. Naapa nilijisemea hivyo.

Akageuka. Macho yake yalikuwa yamelowa.

"Rangi iko. Nyekundu iko pale pale, haijakatika."

Nikainama nami kutazama, kama nisiyejua.

"Basi ni mimi, Nikodemo. Mimi nilipima vibaya. Labda ile sumni ilikuwa imelika. Pesa inapita mikono mingi, inalika. Au mkono yangu imezeeka."

Neno moja tu lingetosha hapo. Hapana. Ningesema hapana, angeelewa yote. Badala yake nilimshika mkono kumvusha ngazi, kama mtoto mwema.

Siku ya tatu aliniita ofisini kwake.

"Nyinyi Wachagga iko jani ile ya kuomba msamaha. Mimi naishi hapa miaka thelathini na tano, nimeona watu wanapeleka. Isale."

"Ndiyo, bwana."

"Peleka kwa mwalimu. Sema limetoka kwangu. Mimi si Mchagga, lakini mguu ni mguu."

Kwa wasomaji wa mbali: isale ni mmea wenye majani marefu, tunaoupanda kwenye mipaka ya vihamba vyetu. Aliyekosa hukata jani lake, hulifunga fundo, humpelekea aliyekosewa. Jani hilo halikataliwi. Likishapokelewa, kosa limesamehewa na halifukuliwi. Lakini lazima ijulikane limetoka kwenye mkono upi.

Nami isale ningelikata wapi? Asiye na kihamba hana mpaka. Nilipanda Mwika kwa kaka Kalisti.

Alinikuta nimesimama kwenye uzio wake na kisu.

"Hee! Mtu wa mjini umekuja kuniibia majani?"

"Naomba isale moja, kaka."

"Lako liko wapi?"

"Unajua sina."

"Nilitaka kukusikia ukisema." Akacheka, akanikatia yeye mwenyewe. Kisha akaacha kucheka. "Umekosa nini, Nikodemo?"

"Sijakosa. Nimetumwa na mwajiri wangu."

"Mhindi anakutuma isale?" Akanitazama usoni, kisha akalitazama jani. "Haya. Lishike kwa mikono miwili. Na usilipeleke kwa uongo. Hili ni la mpaka wa baba."

Hospitali nilimkuta mwalimu amelala, shuka limelala bapa upande mmoja. Mkewe, Mama Eunike, ameketi kando ya kitanda na sufuria ya mtori wa ndizi kwenye kikapu. Mwanamke mrefu, mkavu wa maneno.

Nikawasalimu. Nikapiga goti. Nikanyoosha isale kwa mikono miwili.

Mama Eunike hakulishika.

"Mkono uliokosa ni wa nani?"

"Nimetumwa na Bwana Jasvinder."

"Sikuuliza nani kakutuma. Nimeuliza mkono. Nani alishika ile breki mwisho?"

Mwalimu Aristides akafumbua macho.

Tukatazamana. Yeye alijua. Alikuwa ameegemea boneti ile nikifanya. Alinishikia hata kopo la rangi. Lakini yeye naye alikuwa na lake: mkewe alikuwa amemsihi miaka mitatu auze gari lile. Mkewe angejua kwamba gereji ilitoa breki nzima, na kwamba mumewe ndiye aliyetaka iharibiwe ili ishike juu, mwalimu angekula mtori ule na matusi hadi kaburini.

Nilisubiri aseme. Naye alinisubiri mimi.

"Bwana Jasvinder," nikasema. "Mkono ni wa Bwana Jasvinder."

"Mke wangu, pokea," alisema mwalimu kwa sauti ndogo. "Mzee wa watu ameomba vizuri."

Mama Eunike akapokea jani. Akaliweka kifuani pa mumewe. Kosa ambalo Bwana Jasvinder hakulitenda likasamehewa pale pale, kwa heshima zote za kwetu. La kwangu likabaki na mimi.

Mama alipotoka kuosha bakuli, mwalimu alinikamata kifundo cha mkono.

"Nikodemo. Yale ya siku ile yamebaki hapa?"

"Yamebaki, mwalimu."

"Na mimi nitamwambia yule mwanafunzi wangu neno zuri."

Nilishuka ngazi za hospitali nikiwa mwepesi. Ndiyo, mwepesi! Naandika haya kwa aibu, lakini nimeahidi kuandika kweli.

Nilidhani yamekwisha. Alhamisi ikaja barua ya serikali.

Mkaguzi wa magari alitaka maelezo ya maandishi kutoka gereji, kabla ya wiki kwisha. Nani alifunga busta? Nani alipima? Nani alishika mwisho? Leseni ya gereji ingeamuliwa kwa maelezo hayo.

Bwana Jasvinder alizungumza Kiswahili, lakini hakukiandika wala kukisoma. Binti yake alikisoma vizuri kuliko sisi sote, tena alikifundisha, lakini alikuwa mwalimu wa shule huko Mkuu, Rombo, na alirudi Jumamosi kwa Jumamosi. Kwa hiyo barua za serikali zilikuwa kazi yangu. Nilijivunia kazi hiyo kuliko spana.

Ijumaa asubuhi tuliketi mezani pake.

"Andika hivi. Mimi na fundi wangu tumefunga pamoja. Kupima, mimi. Labda nimekosa, mimi sina hakika. Fundi Nikodemo hana kosa. Naomba gereji isifungwe, iko mafundi sita na watoto wao. Maliza."

"Hivyo tu, bwana?"

"Hivyo tu. Wewe weka maneno ya heshima."

Nikachukua karatasi. Kalamu ikiwa mkononi, nikawaza.

Barua ile isingenitosha. Tumefunga pamoja, alisema. Pamoja! Mkaguzi angeuliza: huyo fundi mwingine alikuwa wapi? Angenihoji. Angezikagua zile nati, angekuta rangi mbili, moja juu ya nyingine. Na Septemba ilikuwa imebaki wiki tatu. Nikikosa cheti, nirudi wapi? Kwenye uzio wa Kalisti?

Nikawaza na jingine, na hili ndilo baya kuliko yote. Miaka miwili nyuma majumba yalikuwa yametaifishwa, na Bwana Jasvinder alikuwa mpangaji katika gereji aliyoijenga kwa mikono yake. Mjini walikuwapo watu waliokuwa wakingoja tu Mhindi akosee. Nilijua barua ikisema Mhindi kakosa itaaminiwa upesi, wala hakuna atakayefungua boneti kutazama rangi.

Basi nikaandika. Mwandiko wangu wote, herufi zimesimama kama askari:

"Mimi, Jasvinder Singh, ninakiri kwamba busta iliyotajwa niliifunga na kuipima mwenyewe. Fundi wangu Nikodemo alinionya mara mbili kwamba kipimo changu si salama, nami nilimpuuza na kumkataza asiguse. Lawama yote ni yangu."

"Soma," alisema Bwana Jasvinder.

Nikaishika karatasi mbele ya macho yangu, nikasoma barua ambayo haikuwepo.

"Mimi na fundi wangu tulifunga pamoja. Kupima nilipima mimi. Huenda nilikosa, sina hakika..."

Nilisoma mpaka mwisho, na maneno ya heshima nikaongeza. Sikukwama hata mahali pamoja. Masomo ya jioni yalinifundisha kusoma bila kugugumia.

Bwana Jasvinder alikuwa akitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Nzuri sana. Fundi Nikodemo hana kosa, umeweka?"

"Nimeweka, bwana."

Akatia sahihi. Alichukua muda, akitoa ulimi pembeni kama mtoto wa darasa la kwanza. Kisha akaikunja barua yeye mwenyewe, akaitia kwenye bahasha, akalamba gundi, akaibana kwa kiganja mara mbili. Mkono ule ule uliopima kwa sumni.

"Kimbia posta kabla hawajafunga sanduku."

Nilikuwa mlangoni aliponiita.

"Nikodemo! Hii nyingine je?"

Nikageuka. Alikuwa ameshika karatasi ya pili.

Nakala.

Shule ya jioni ilitufundisha jambo moja kabla ya mengine yote: barua ya ofisi haikosi nakala. Kwa miaka kumi na miwili sikuwahi kuandika barua bila kuweka karatasi ya kaboni chini yake. Asubuhi ile pia niliiweka. Sikufikiri. Mkono uliweka wenyewe, kama unavyoshika spana. Nilitazama vidole vyangu. Vilikuwa vya bluu.

"Nipe niiweke kwenye faili, bwana," nikasema.

"Acha. Faili itangoja." Akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo. "Kesho binti yangu anakuja. Nataka asome. Kila siku anasema, baba, hapo gereji nani anaandika Kiswahili? Kesho ataona fundi wangu."

Akanipigapiga begani.

Sikumbuki nilivyovuka barabara. Nakumbuka nimesimama mbele ya sanduku la posta, bahasha mkononi, na nikijua vizuri kabisa kwamba njia bado ipo. Kuichana tu. Kurudi na kusema: bwana, nimekosea tarehe, tuandike upya. Angecheka. Angeketi tena. Angelamba bahasha nyingine.

Na mkaguzi angefungua boneti.

Mtumishi wa posta alikuja na mfuko wake wa turubai, akapiga magoti kufungua sanduku. Akaninyooshea kiganja.

"Mzee, unatuma au unaikariri bahasha?"

"Naangalia tu kama anwani ni sahihi."

"Lete nione." Akaitazama. "Mwandiko huu! Hata kipofu ataisoma hii. Inakwenda?"

Ng'ambo ya barabara nilimwona Bwana Jasvinder amesimama mlangoni pa gereji, mkono juu ya macho kuzuia jua, akitazama kama nimefika.

Nikampungia mkono.

"Inakwenda," nikasema.

Bahasha ikaingia mfukoni, mfuko ukafungwa kamba, kamba ikatiwa lakiri. Basi la kutoka Rombo lilikuwa likifika saa tisa mchana, Jumamosi. Nilikuwa na siku moja ya kuipata nakala ile, ya kufungua kifungo cha shati la mtu aliyenifundisha kazi.